Nilivyoukata Ukurasa wa Babu

Sehemu ya nne

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha nimeinama juu ya meza yangu ya kazi, kisu mkononi, daftari la serikali liko wazi mbele yangu. Baadhi yenu mmeniletea salamu kupitia kwa mhariri. Mmoja ameniita mwizi. Hajakosea.

Kwa anayekaa nasi leo kwa mara ya kwanza, mambo yako hivi. Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Masijala ya ardhi walinipa madaftari yao ya zamani, yale yaliyoandikwa wakoloni walipoanza kupima viwanja, niyashone upya kabla hayajageuka vumbi. Wakati huohuo familia yetu ilikuwa na shauri kwenye baraza la ardhi. Kaka Mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, alitaka kumtoa dada yetu wa kulea kwenye nyumba ya marehemu mama, naye dada akapeleka ombi barazani azuiwe. Dada huyo tangu utoto tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyeingia nyumbani mwisho.

Hoja ya Kaka ilikuwa moja. Hati ya kwanza ilisema kiwanja kimetolewa kwa "mpishi wa wapimaji, mgeni, yeye na uzao wake." Kitinda si uzao. Mama alimchukua hospitalini akiwa na miaka miwili, mama yake mzazi alipofia kitanda kilichokuwa jirani na cha mama yetu. Baraza likasema sawa, leteni kumbukumbu zinazoonyesha ardhi ilivyoshuka kutoka kwa huyo mpishi mpaka kwenu.

Nikazitafuta. Nikazipata. Moja nikaikata.

Sasa niwaambie ilisema nini, maana wiki iliyopita nililikwepa hilo.

Daftari la kwanza lilikuwa na Babu Mpishi vilevile kama tulivyosimuliwa nyumbani. Ametoka ng'ambo ya mto mkubwa, amekuja na wapimaji akiwabebea sufuria, hana ndugu hapa, amepewa kiwanja namba arobaini na moja. Alama ya dole gumba lake ipo, kubwa, imevuka mstari. Daftari la tatu lilikuwa na babu yetu, yule aliyemzaa baba. Katikati yao palikuwa na daftari la pili, ukurasa wa themanini na saba.

Karani wa enzi zile alikuwa na mwandiko safi. Aliandika: "Mpishi amekufa. Hakuoa, hakuzaa. Kiwanja anapewa kijana wake wa kulea, aliyeokotwa kambini angali mchanga, wazazi hawajulikani. Majirani wawili wameapa kwamba marehemu alimwita mwanangu mbele yao."

Nilisoma mara tatu. Kijana aliyeokotwa ndiye babu yetu.

Kwa maneno mengine, mimi na Kaka hatuna hata tone la damu ya Babu Mpishi. Sisi na Kitinda tuliingia nyumba ile kwa mlango mmoja. Sisi tulitangulia tu.

Mtaniuliza kwa nini nilikata, na Kaka hakunituma. Tangu utoto nimejisifu kwa mtu yule. Shuleni wenzangu walipotaja ukoo wao na makaburi ya wazee wao, mimi nilimtaja babu aliyevuka mto na sufuria kichwani. Mama alizoea kunishika vidole na kusema hii ni mikono ya Babu Mpishi, haitulii bila kazi. Halafu karani aliyekufa zamani ananiambia mimi ni mjukuu wa aliyeokotwa. Kisu kilikuwa karibu. Sina maelezo mengine, na haya yenyewe najua hayatoshi.

Anayejua kushona anajua pia kufumua. Nililitoa karatasi lile bila kuacha hata unyuzi, nikashona zilizobaki, nikapiga gundi, nikabana. Ungelipekua daftari lile usingejua, mpaka utazame namba za kurasa. Nani hutazama namba za kurasa?

Kaka nilimpa nakala mbili tu, ya mpishi na ya babu, zimegongwa muhuri wa masijala. Akazisoma amevaa miwani yake ya kusahihishia, akanipiga bega. Akasema damu ni nzito kuliko maji. Nikaitikia.

Karatasi ina nyuso mbili. Hilo nalijua kuliko watu wengi, ndiyo kazi yangu. Lakini siku ile niliangalia uso mmoja.

Nyuma ya babu yetu, ukurasa wa themanini na nane, kulikuwa na kiwanja cha watu wengine, namba arobaini na mbili. Siku ya Jumanne mwenye kiwanja hicho akaja. Ni mama muuza vitambaa, ana ugomvi wa mpaka na jirani yake, na mtu alimwambia kwamba masijala wana daftari lililouandika mpaka huo tangu mwanzo. Msajili akalifungua mbele yake, daftari limeshonwa vizuri, gundi bado inanukia. Themanini na sita. Themanini na tisa.

Nikaitwa.

Msajili yule amenipa kazi miaka kumi na tisa. Hakunifokea. Aliniuliza tu kama nilipolipokea daftari, ukurasa ule ulikuwemo. Jibu la kweli lilikuwa neno moja. La uongo lilikuwa maneno matatu.

"Haukuwemo, mama msajili," nikasema.

Akatikisa kichwa, akaandika. Nikashukuru moyoni kwamba yameisha. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba mara nyingi mwongo hupita salama na anayeangukia shimoni ni mwingine.

Kila daftari lilipoletwa kwangu lilikuja na kikaratasi cha kupokelea. Aliyehesabu kurasa na kuandika idadi yake ni mhudumu wa masijala, mzee mmoja ambaye sote tunamwita Mzee wa Funguo. Mimi husaini bila kusoma, kwa kuwa ni yeye. Kwenye kikaratasi cha daftari la pili alikuwa ameandika: kurasa mia mbili na kumi, zote zipo.

Basi mmoja kati yetu alikuwa mwongo. Mmoja ni fundi anayeaminika. Mwingine ni mzee wa kubeba vitabu, na ndiye anayeshika funguo za stoo zote. Msajili hakuhitaji hata robo saa kuamua. Mzee akasimamishwa kazi siku hiyohiyo, amebakiza miezi minne astaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja bila barua hata moja ya onyo.

Nilizisikia habari hizo kwa mlinzi wa geti. Nikatembea mpaka nyumbani bila kujua nimepita njia gani.

Alhamisi asubuhi Mzee wa Funguo alikuja karakana kwangu. Hakuwa na funguo. Sikuwahi kumwona bila lile shada lake kiunoni, likimtangaza kwa mlio tangu mwisho wa korido. Siku hiyo aliingia kimya, nikashtukia amesimama mlangoni.

Nikamkaribisha kiti. Akaniuliza hali ya mke wangu na watoto, mmoja mmoja. Akasifia jalada nililokuwa nalipaka gundi. Nikawa najibu huku macho yangu yanakimbilia droo ya kushoto, maana karatasi lilikuwa mle, hatua mbili kutoka magotini pake, limelala katikati ya vipande viwili vya ngozi.

Kisha akaacha kulitazama jalada.

"Mwanangu, mimi huhesabu kwa kulowesha kidole," akasema. "Nikimaliza, narudia kutoka mwisho. Daftari lile nililihesabu mara mbili."

Nikachovya brashi kwenye gundi.

"Sijaja kukushtaki. Nimekuja kukuomba uangalie chini ya meza. Karatasi huanguka. Ikianguka na mtu akaiokota, hakuna aliyekosa. Wewe utaipeleka, mimi nitarudi kwenye funguo zangu, na wala hatutaulizana."

Mzee yule alijua. Alijua, na alikuwa amenijengea daraja kwa mikono yake mwenyewe, nisiloweshe hata kiatu. Ningefungua tu droo.

Mnajua nilifanya nini? Niliinama. Nikaangalia chini ya meza. Nikaona nyuzi, vumbi la karatasi, vipande vya kitambaa, na viatu vyake vilivyopigwa rangi asubuhi ile kwa ajili ya kuja kwangu. Nikakaa kule chini muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Hakuna kitu, mzee," nikasema nilipoinuka.

Akasimama, akanishukuru kwa kuangalia. Hiyo asante nimeibeba mpaka leo, na kila ninapoigeuza naona ina ncha.

Mtasema hapo ndipo ningeshtuka. Bado. Mtu akishaanza kuteremka hujiambia hatua inayofuata ndiyo ya mwisho. Nilijipangia kwamba baraza likimalizika nitalirudisha karatasi kimyakimya, nitasema nimeliona nyuma ya kabati. Kitinda atakuwa ameshatoka, Kaka ameridhika, Mzee amerudi kazini, na jina la babu yetu limebaki safi. Nilipanga vizuri mno.

Ijumaa Kitinda akaja.

Kitinda ni dobi. Anafua na kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya mama, na ndiko alikomuuguzia mama miaka sita alipopooza upande mmoja. Mimi nilikuwa nakwenda Jumapili. Kaka alikuwa anakwenda sikukuu, akikaa ukingoni mwa kiti kama mkaguzi. Tangu kesi ianze Kaka hamwiti tena Kitinda. Anamwita yule mwanamke.

Alikaa palepale alipokaa Mzee, vidole vimekunjamana kwa sabuni. Akaniambia ameamua kuliondoa ombi lake. Jumatatu atasimama barazani aseme hadai kitu, kisha atafute chumba. Nikamuuliza kwa nini, na sauti yangu mwenyewe ikanishangaza jinsi ilivyokuwa na matumaini.

Akasema kikao kilichopita Kaka alimwuliza mbele za watu kama ana cheti cha kuzaliwa kinachomtaja mama. Akasema hilo halikumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba shati alilovaa Kaka siku ile alilipiga pasi yeye, wiki ileile, kwa sababu mke wa Kaka alilileta na kapu la nguo kama kawaida, na yeye hakuweza kulirudisha.

"Sina nguvu ya kubishana na mtu ninayemnyoshea kola," akasema, akacheka kidogo. Mimi sikucheka.

Kitu kimoja tu alikitaka, cherehani ya mama, ile ya kukanyaga. Akaniomba nimsemee kwa Kaka. Nikamwahidi. Alipofika mlangoni akageuka.

"Wewe, kaka yangu, hujanisema vibaya hata siku moja. Nimeliona hilo. Nilitaka ulijue."

Akaenda zake.

Nilifunga karakana mchana ule, jambo ambalo sijalifanya tangu nizike wazazi. Nikafungua droo, nikalitoa karatasi, nikalisoma tena. Majirani wawili wameapa kwamba marehemu alimwita mwanangu mbele yao. Nikakumbuka mama, ulimi wake umeshakuwa mzito kwa maradhi, maneno aliyobakiwa nayo ni matano au sita. Mojawapo lilikuwa mwanangu, na aliyekuwa akiitwa hivyo alikuwa Kitinda, akimgeuza kitandani. Mimi na Kaka tulikuwepo. Tulisikia kwa masikio yetu.

Majirani wale wawili, watu wasio na undugu wowote na mpishi, walikwenda wakaapa. Sisi ndugu tukanyamaza.

Jumapili nikaenda kwa Kaka. Nilikuwa nimeamua. Nitamwonyesha ukurasa, ataona kwamba hoja yake haina miguu, tutamwachia Kitinda nyumba yake na Jumatatu nitampelekea msajili karatasi lake. Kaka ni mkali, lakini ni mtu wa haki. Hivyo ndivyo nilivyoamini kwa miaka hamsini.

Alikuwa sebuleni, amepanga nakala zake mezani kwa mstari. Nikampa karatasi. Akalisoma amesimama. Nilimtazama usoni nikisubiri ajikunje kama nilivyojikunja mimi.

Hakujikunja. Alimaliza, akaliweka mezani, akalinyoosha pembe iliyokunjika.

"Ulilipata wapi?" akauliza. Hakuuliza ni la kweli au la.

Nikamwambia. Nikamwambia yote, kisu, Mzee wa Funguo, kuinama kwangu. Alisikiliza kama alivyozoea kumsikiliza mzazi aliyekuja kumwombea mwanafunzi aliyefukuzwa. Kisha akaniambia kwamba baba alimweleza jambo lile alipomaliza shule, wakiwa wawili tu, akamwapisha asiwaambie wadogo zake. Miaka thelathini na nane Kaka alijua.

Nikakaa bila kuambiwa.

"Ulijua," nikasema, "na bado ukasimama barazani kumwuliza cheti?"

"Kwa sababu nilijua," akasema. "Nyumba iliyoanza kwa kuokota isipofunga mlango, kila anayepita atadai chumba. Nimeishi maisha yangu yote nikiogopa mtu atalifungua daftari lile. Wewe umelifunga. Ulifanya vizuri."

Nikanyoosha mkono kulichukua karatasi. Kaka akaweka kiganja juu yake. Si kwa nguvu. Ni kiganja kilekile kilichonishika njia nzima siku yangu ya kwanza shuleni, na nikashindwa kukiondoa, mtu mzima mwenye mvi.

Akanieleza taratibu la kufanya kesho. Nitaapa kwamba nimeyashika madaftari. Nitasema niliyoyaona kwenye la kwanza na la tatu. Sitalazimika kusema uongo hata neno moja. Akalikunja karatasi, akaingia nalo chumbani, nikasikia kabati linafungwa.

Nilisahau hata kumwombea Kitinda cherehani.

Jumatatu baraza lilikuwa limejaa. Mwenyekiti ni mama mmoja mwembamba, ana desturi ya kuandika kila kitu kwa mkono wake na kumsubirisha shahidi mpaka amalize sentensi. Upande mmoja alikaa Kaka, shati jeupe. Upande wa pili Kitinda, peke yake. Benchi la nyuma alikaa msajili na madaftari yake matatu, na mwisho wa benchi alikuwa Mzee wa Funguo, ameitwa kueleza ya ukurasa uliopotea, kofia yake magotini.

Kitinda alisimama kwanza. Akasema anataka kuliondoa ombi lake. Mwenyekiti akamwambia asubiri, shahidi ameshaitwa, asikilizwe kwanza.

Nikapanda. Nikaapa. Mwenyekiti akaniuliza niliona nini kwenye madaftari.

Nilianza na la kwanza. Mpishi, mto, sufuria, kiwanja. Kalamu yake ikawa inakwaruza. Ningeruka hapo mpaka la tatu, na mambo yangekwisha. Lakini alikuwa polepole kuandika, na katika kusubiri kule macho yangu yakaenda benchi la nyuma. Mzee hakuwa ananitazama kwa chuki. Alikuwa amefumba macho, midomo inacheza kidogo, kidole kinagonga juu ya kofia, kimoja, kimoja. Alikuwa anahesabu. Anazihesabu kurasa upya, kichwani, atafute alikokosea.

"Daftari la pili nimelikata mimi," nikasema.

Kalamu ikasimama. Nikasema ukurasa, nikasema ulichoandika, neno kwa neno kama ninavyokumbuka, mpaka majirani wawili. Nikasema mzee yule hana kosa. Nikasema karatasi liko kwa Kaka, kabatini.

Kaka akainuka bila haraka. Akaliomba radhi baraza. Akasema mdogo wake hajakaa sawa tangu tumzike mama, kwamba karatasi hilo hajawahi kuliona, na kwamba yuko tayari nyumba yake ipekuliwe. Aliposema hivyo nilijua halipo tena kabatini, wala mahali pengine popote. Sauti yake ilikuwa ileile ya kufungulia mkutano wa wazazi.

Mwenyekiti aliacha kwanza kuyaandika maneno yangu. Kisha akamgeukia Kitinda, akamwambia asikilize vizuri.

Akamweleza kwamba ombi lake bado liko mezani, kwa kuwa hajatia saini ya kuliondoa. Akiliondoa sasa, hakuna shauri, na maneno ya shahidi hayaingii popote, kila mtu arudi nyumbani kwake. Akiliacha, maneno yataandikwa, na yakishaandikwa yeye mwenyekiti hana budi kuyapeleka polisi. Kuharibu kumbukumbu za serikali ni jela.

"Kwa hiyo niambie, mama," akamaliza. "Limeondolewa, au lipo?"

Kitinda akasimama. Mikono yake aliificha nyuma, kama kawaida yake mbele za watu. Akanitazama mimi, na uso wake sikuweza kuusoma. Yule aliyekuja kunishukuru Ijumaa hakuwepo tena. Nikataka kumwambia aliache, aniache niende ninakostahili. Ujasiri wangu wote nilikuwa nimeshautumia kwenye sentensi moja.

Akamtazama Kaka. Kaka akaangalia dirishani.

Halafu akatupa mgongo sote wawili, akatembea mpaka benchi la nyuma, akapiga goti moja mbele ya Mzee wa Funguo, mtu ambaye hakuwahi kuonana naye kabla ya asubuhi ile.

"Mzee," akamwuliza, "nikiliondoa, wewe utabaki mwongo. Nikiliacha, ndugu yangu anafungwa. Wewe ndiye uliyeumizwa bila kudai kitu. Unataka nisemeje?"

Mwenyekiti hakumkataza. Kalamu aliishika juu ya karatasi.

Mzee aliigeuza kofia yake mara moja, mara mbili. Akaniangalia. Kisha akavuta pumzi ya kujibu.